Mwalimu Aliyetazama Migongo

Jumapili, ibada ikiisha, wanawake wa kanisa letu waliharakisha kurudi nyumbani kuwasha moto. Mwalimu wa darasa la kwanza yeye alielekea soko la Kibuye na kikapu kitupu. Alipita katikati ya mafungu ya nyanya na marundo ya nguo kuukuu polepole sana, kama mtu anayetafuta bei nzuri, lakini macho yake hayakuwa kwenye bidhaa. Yalikuwa kwenye migongo ya wanawake. Alikuwa akimtafuta mtoto aliyeuzidi mgongo: yule ambaye miguu yake inaning'inia mpaka magotini mwa mama yake, kichwa kimelala bega moja, na wenzake wa umri wake wako nyuma ya vibanda wakirushiana maganda ya miwa. Akimwona, alisimama hapo hapo akanunua kitu. Majirani walimcheka kwa maboga aliyorudi nayo, kwa maana hakuwa mlaji wa maboga.

Hivyo ndivyo alivyompata mama yangu, ambaye alikuwa akiuza njugu karibu na lango, na dada yangu mdogo amefungwa mgongoni kwa leso mbili kwa sababu moja haikutosha tena.

"Njugu hizi ni za wapi, Mama?"

"Za nyumbani, Mwalimu."

"Na huyu?"

Mama akaivuta leso ifunike uso wa mtoto. "Huyu anaumwa."

"Sikukuuliza anaumwa nini. Anafanya nini?"

Mama alituambia jioni ile kwamba tangu azae mtoto huyu watu walikuwa wamemuuliza mambo mengi, ni nani aliyemroga, ni mwiko gani aliuvunja, kama kwao kuna wengine kama huyu. Lakini hilo hakuna aliyewahi kumuuliza. Alisimama na kopo la kupimia mkononi akifikiri.

"Anacheka akisikia treni," akasema mwishowe.

"Basi kuna kitu anachokijua. Kesho nikitoka shule nitakuja kwako."

Hakuuliza kama angekaribishwa. Alikuja, akainama mlangoni pa chumba chetu katika landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, akaketi chini kwenye mkeka bila kungoja kiti, na kuanzia siku hiyo akawa mtu wa nyumba yetu kwa miaka.

Kilichokuwa kikimsumbua mama kilikuwa kimoja tu, na Mwalimu alikijua kabla hajaambiwa. Mama alikuwa na kifua. Alikohoa akifua, alikohoa akipika, na kila mwaka mgongo ule uliombeba dada yangu ulizidi kuwa mwembamba. Usiku na mchana aliwaza ni nani atakayemshika mtoto huyu yeye akiondoka. Baba alikuwa mtu wa zamu. Mimi nilikuwa bado nasoma. Mwalimu alimsikiliza akikohoa, kisha akasema, "Tutamtafutia mahali kabla." Kabla ya nini, hakusema, na mama hakuuliza.

Mwalimu alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuamsha watu. Karibu watoto wote wa landhi walipitia mikononi mwake, na chini ya fimbo yake. Mimi alinichapa kwa sababu herufi zangu zilikuwa na mikia mirefu. Aliwachapa wenye akili. "Wewe unaweza," alikuwa akisema kabla ya kuinua fimbo, kana kwamba anakusomea shtaka. Wazazi walimlalamikia mwalimu mkuu, naye mwalimu mkuu, aliyekuwa akimwogopa kuliko sisi, aliahidi kuzungumza naye na hakuzungumza. Lakini kulikuwa na mvulana mmoja ambaye hakuweza kutofautisha moja na mbili. Huyo hakumgusa. Alimketisha kando ya meza yake mwaka mzima akipanga vizibo vya soda, na siku mvulana yule alipovitenga kwa rangi bila kuambiwa, Mwalimu alitoka nje ghafla. Tulimwona kupitia dirishani akivuta ugoro.

Ugoro ulikuwa siri yake ambayo mji mzima uliijua. Mchungaji alipohubiri dhidi ya tumbaku, Mwalimu alipiga chafya katikati ya mahubiri, chafya kubwa ya mtu mzima. "Bwana asifiwe," akasema mzee mmoja nyuma, na benchi zima la wanawake likatetemeka kwa kicheko cha kubana. Yeye aliangalia mbele kama askari.

Machozi hayakumpendeza. Mama akianza kulia, Mwalimu alimwonyesha mlango kwa kidole. "Nenda ulie pale kwa ua. Ukimaliza urudi tuendelee." Na mama alienda, akalia kando ya ua, akarudi, wakaendelea kumfundisha dada yangu kukaa bila kuegemea. Niliudhika sana wakati ule. Niliona ni ukatili. Mama yeye alisema ni mara ya kwanza mtu kumngoja amalize.

Kutafuta kwake msaada kulifanana na kwa mtu anayetafuta maji kwenye ardhi kavu: huchimba hapa, huacha, huchimba pale. Hospitalini alikuwa amefanya urafiki na mwanamke mfagiaji wa wodi, ambaye alimpa habari kila mara mtaalamu wa viungo alipokuja kutoka Nairobi. Siku hiyo Mwalimu aliomba ruhusa ya ugonjwa, ugonjwa ambao haukujulikana jina, na alfajiri akawa ameshajaza benchi lote kwa akina mama na watoto wao waliojikunja. Karani wa dirishani alimwona akacheka.

"Mwalimu, leo umeleta darasa nzima?"

"Nimeleta nusu. Ile nusu ingine imefungiwa kwa nyumba."

Mtaalamu alikuwa mtu mpole, mwenye haraka. Alinyoosha miguu ya dada yangu mara kadhaa, akaonyesha mama namna ya kufanya, akasema ni vizuri kufanya hivyo kila siku. Baada ya hapo hakuonekana kwa muda mrefu, na Mwalimu akaendelea kuyafundisha mazoezi yale nyumba kwa nyumba jinsi alivyoyakumbuka. Mengine aliyakumbuka vibaya. Kuna mtoto wa mtaa wa Nyalenda ambaye nyonga yake ilizidi kuuma kwa sababu ya zoezi alilolisisitiza, na mama yake alimfukuza mbele ya watu. Mwalimu hakujitetea. Aliliacha zoezi hilo, akaenda nyumba zote alikolifundisha kuwaambia waliache, na nyumba nyingine zilikuwa mbali sana.

Seremala wake alikuwa mtengenezaji wa majeneza wa karibu na Kibuye. Alimsumbua mpaka akaanza kumtengenezea viti kutokana na vipande vya mbao vilivyobaki: viti vya mgongo mrefu, vyenye mbawa za kushika kichwa na mikanda ya mpira wa ndani wa baiskeli.

"Mwalimu, wateja wangu wataogopa," alisema fundi siku moja nilipokuwapo. "Watadhani siku hizi maiti anazikwa akiwa amekaa."

"Waambie hiki ni cha mtu ambaye bado anataka kukaa. Piga msasa hapa, patamkwaruza."

Dada yangu alipata kimoja. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliuona uso wa mama bila mama kumbeba, na mama akaweza kusonga ugali kwa mikono miwili.

Kisha kulikuwa na darasa la stoo. Mchungaji alikuwa amempa chumba cha kuwekea viti vya kanisa, naye akakusanya humo watoto wachache siku za Jumamosi, dada yangu akiwa mmoja wao. Waliimba, yaani Mwalimu aliimba, na wao walitoa sauti walizokuwa nazo. Halikudumu. Wanawake wajawazito wa kanisa walianza kuzunguka nyuma ya jengo ili wasiwaone watoto wale, mtu mmoja akasema chira inaambukiza, ile laana inayomwangukia aliyevunja mwiko pamoja na uzao wake, na mchungaji, ambaye alikuwa mtu mwema mpaka pale wema ulipoanza kumletea kelele, akaomba ufunguo wake. Mwalimu aliuweka juu ya madhabahu badala ya mkononi mwake. Hakukosa ibada hata hivyo. Jumapili iliyofuata alikuwa benchi la mbele.

Hakuwa na subira na mambo ya mila, na hapo ndipo ukali wake ulipompotosha. Kwao kulikuwa huko kwenye tambarare za Kano, ng'ambo ya Ahero, na alisimulia mafuriko ya huko kama mtu anayesimulia wizi. Mwaka mmoja, maji yalipopanda, aliingia katika boma ambalo watu walikuwa wamekwisha kutoa mbuzi, kuku, magunia na hata mlango, na ndani alikuta mtoto ameachwa kitandani, maji yakigusa kamba za kitanda, akiyapiga kwa kiganja na kucheka. Walisema walikuwa wanarudi kumchukua. Pengine walikuwa wanarudi. Tangu hapo, mtu akitaja chira au wazee waliokufa mbele yake, uso wake ulikunjamana. "Hao wafu wenu," alisema, "hawajawahi kumbadilishia mtoto nguo." Alisema hivyo hata nyumbani kwetu, na mama akacheka pamoja naye kwa adabu.

Lakini sisi tulikuwa na wafu wetu. Dada yangu alizaliwa asubuhi akaitwa Akinyi, na hilo ndilo jina ambalo Mwalimu alimfundisha. Kwetu, mtoto akilia bila kunyamaza, wazee huanza kuyataja majina ya waliokufa mmoja baada ya mwingine, na lile analolinyamazia ndilo jina lake, kwa sababu mwenyewe amejitokeza kulidai. Dada yangu alikuwa na degedege, na akitoka kwenye degedege alilia sana. Alikwisha kubadilishwa jina alipokuwa mchanga, akawa Auma, kisha akarudishwa Akinyi. Mwalimu alilisikia jambo hili akalikemea. "Mtoto huyu anashika kitu kimoja kwa mwaka. Mkimpa jina moja atalishika. Mkimpa matatu hatakuwa na hata moja." Na kweli, baada ya miezi mingi ya kuitwa kwa uji na kwa kijiko na kwa kupigiwa makofi, dada yangu alianza kugeuza kichwa. Akinyi. Akageuka. Mama alikwenda uani bila kutumwa.

Mahali palipatikana mwaka huo huo. Kulikuwa na nyumba ya masista upande wa milimani, mbali na ziwa, ambayo ilikuwa ikichukua watoto wachache wa aina hii na kukaa nao moja kwa moja. Mwalimu aliwafuata kwa majuma, akarudi na masharti yao: mtoto awe anaweza kuketi, awe anaonyesha akitaka kwenda haja, na aitike jina lake. Kwa ajili ya hayo alikuja kwetu kila jioni. Dada yangu aliketi. Alijifunza kupiga kiti kwa kiganja akitaka kutolewa. Jina tayari alikuwa nalo. Mama alikonda, lakini alianza kuimba tena akichagua njugu.

Shule zilipofungwa, kabla tu ya siku waliyopewa, Mwalimu alikwenda kwao Kano, na wakati huo nyanya yangu, mama yake baba, akafika kutoka Usenge na furushi la omena, wale dagaa wa ziwani. Dada yangu akapata degedege kali kuliko zote, na alipotoka humo akalia mpaka sauti ikakauka. Nyanya alimweka mapajani akaanza kuita. Aliwaita wanaume na wanawake ambao mimi sikuwahi kuwasikia. Alipofika kwa Aloo, mtoto akanyamaza.

"Aloo ni nani, Dana?" nilimuuliza. Dana ndivyo tunavyomwita nyanya.

"Mama mkwe wangu." Nyanya alimtazama mtoto kwa mashaka makubwa. "Mwanamke mbaya sana. Alinitesa akiwa hai, na sasa amerudi nimlishe uji."

Tulicheka, hata mama. Na kwa kuwa mtoto alilala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, nyumba nzima ikamwita Aloo. Hakuna aliyethubutu kuliita lile jingine, maana ingekuwa ni kumfukuza mwenye jina. Juma lile lote lilikuwa Aloo kwa uji, Aloo kwa kijiko. Alilishika upesi kuliko lile la kwanza. Labda nyanya aliliita kwa sauti ya mtu anayemjua anayemwita.

Mambo ya huko milimani niliyapata kwa mama. Walipanda basi, na Mwalimu, akitoka kwao Kano, akaungana nao njiani. Sista aliwapokea vizuri. Mtoto aliketi. Alipiga kiti akatolewa nje, akarudishwa. Kisha sista akasimama nyuma yake akaita, "Akinyi." Mtoto alikuwa akiangalia dirisha. Akaita tena. Mwalimu mwenyewe akaita, kwa ile sauti yake, akapiga makofi. Mtoto akaendelea kuangalia dirisha.

Mama alijua. Jina lilikuwa mdomoni mwake. Lakini kulitaja kungekuwa kumwambia sista kwamba nyumbani kwao, nyumba ya Wakristo, mfu amekuja kudai mtoto; na kungekuwa kumwambia Mwalimu vilevile. Akanyamaza. Sista akasema kwa upole wamrudishe mwaka ujao, akiwa ameendelea zaidi.

Ndani ya basi la kurudi ndipo mama alipomwambia.

"Kwa nini hukusema pale ndani?" Mwalimu aliuliza.

"Ungenicheka, Mwalimu."

Mwalimu alishuka nao Kisumu. Alipofika kwetu hakuketi. Alisimama mbele ya kile kiti cha fundi wa majeneza, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa dada yangu, akaita, "Aloo." Dada yangu akageuka, akacheka. Mwalimu akaondoka, na ugoro ulimwagika njiani nyuma yake kwa sababu hakukifunga kikopo.

Baada ya hapo, katika kila nyumba aliyoingia, swali lake la kwanza lilibadilika. "Nyumbani mnamwitaje? Usiniambie la kanisa. Lile mnaloliita." Na alingoja jibu, hata likichelewa.

Mwaka ujao wa sista ulifika, mama akiwa amekwisha kuzikwa Usenge. Mwalimu alikwenda milimani peke yake kuomba, akakuta sista yule amehamishwa na nafasi zimejaa. Baba alihamishiwa Nakuru na shirika la reli. Mimi nilikuwa shule ya bweni. Dada yangu alibaki kwa nyanya.

Miaka mingi ilipita kabla sijamwona Mwalimu tena. Nilikuwa chuoni Nairobi, nikiandika hadithi ambazo watu wake wote walikuwa na nguvu ya kushinda, na likizo moja nikaenda Usenge. Pwani ya ziwa ilikuwa imetandazwa nyavu, na juu yake omena ikikauka, ikimeta mpaka macho yanauma. Nyanya alikuwa huko chini, ameinama, akiigeuza kwa mikono. Nilipanda moja kwa moja hadi nyumbani, na mlangoni nikamkuta Mwalimu ameketi chini, nywele nyeupe, miguu imevimba, akimlisha dada yangu, ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa mwenye matiti.

Kiunoni mwa dada yangu kulikuwa na kamba. Ilitoka kwake mpaka kwenye nguzo ya nyumba. Nusu yake ilikuwa katani, na nusu ilikuwa kitambaa cha leso kilichosokotwa.

"Mwalimu, hii kamba ni ya nani?"

"Ya katani ni ya nyanya yako. Hii ya leso ni yangu. Nilipokuja mara ya kwanza ilikuwa fupi, alikuwa hafiki kivulini pa ule mti."

"Na ukairefusha."

"Nikairefusha. Nilipima. Moto haufikii. Ziwa hawezi kulifikia." Akapangusa kidevu cha dada yangu kwa ukingo wa mkono. "Kabla ya kamba alitambaa mpaka majini. Wavuvi walimtoa. Nyanya yako ni mzee, msichana wewe, na omena haingoji mtu."

Niliuliza kuhusu mahali pengine, kwa sababu alikuwa na mahali pengine siku zote. Alinijibu bila kunitazama. Masista hawachukui wakubwa. Mtaalamu haji tena. Fundi amekufa, na mwanawe anatengeneza majeneza tu. Yeye mwenyewe amestaafu. Huja huku likizo na likizo, kwa mazoea, maana sasa hana likizo.

"Nimebisha kila mahali," alisema. "Kula basi, Aloo."

Akaifungua kamba, ikabaki hivyo wakati wote tulipokuwa pale. Dada yangu alitambaa mpaka kwenye magoti yangu akaushika mkono wangu, akaugeuza, akaunusa. Alikuwa na harufu ya moshi na samaki, na alikuwa safi. Tulikaa hivyo mpaka upepo ulipogeuka. Upande wa ziwa mbingu ilikuwa imekuwa nyeusi mara moja, kama inavyokuwa huko, na tukasikia wanawake wakiitana pwani. Mvua ikiipata omena iliyokauka nusu, inaoza, na ndiyo chakula na ndiyo sabuni na ndiyo dawa ya degedege. Sauti ya nyanya ilipanda mlimani ikitaja jina la kila mtu aliyeweza kusikia.

Mwalimu alikuwa amekwisha kusimama, kwa shida, akishika ukuta. Nilidhani atabaki. Alipiga magoti tena nyuma ya dada yangu, akaizungusha kamba kiunoni, akafunga. Akapitisha vidole viwili kati ya leso na ngozi kuona kama haibani. Akafungua, akafunga upya, kwa ulegevu zaidi kidogo.

"Chukua karai lile," aliniambia.

Tukateremka. Yeye alikuwa mbele, miguu mitupu, leso imepandishwa magotini, akikimbia kama wanavyokimbia wazee, bila kuinua miguu. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa na ya baridi. Nyuma yetu dada yangu alitufuata akicheka mpaka kivulini, mpaka mwisho wa kivuli, na hapo kamba ikamsimamisha.